Muhuri wa Mhandisi

Mwezi wa Mei 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mjini Nyagatare, mashariki mwa Rwanda, liliporomoka na kufukia wafanya kazi. Askari wa jeshi na polisi walikuwa miongoni mwa walioitwa kufukua vifusi. Hawakuchora ramani ya jengo lile, wala hawakuchanganya zege lake.

Karibu miezi 11 kabla ya hapo, Rwanda ilikuwa imekwisha kutunga Sheria Namba 26 ya tarehe 29 Juni 2012, iliyounda chama rasmi cha wahandisi na kingine cha wasanifu wa majengo, ili kazi hiyo ifanywe na walioandikishwa tu. Tanzania ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1968, Kenya na Uganda tangu 1969.

Ndugu wasikilizaji, wako wanaodhani kuwa leseni ya mhandisi ni cheti kingine cha kutundika ukutani. Sivyo. Shahada huthibitisha kwamba mtu amesoma. Leseni humtaja mtu atakayejibu. Lipu ikishapakwa, mpangaji hana njia ya kujua nondo ngapi zimo ndani ya nguzo. Hana budi kuuamini muhuri uliogongwa juu ya ramani.

Jambo zito zaidi ni hili. Zege humwagwa leo, lakini nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mwenye jengo, aliyekopa benki, hataki kungoja. Ataka mbao zilizolishikilia ziondolewe upesi na ghorofa nyingine ipandishwe. Yeye ndiye mlipaji, na pengine ni mtu mkubwa. Hapo mhandisi mwenye leseni ana wajibu wa kukataa. Kwa askari aliyelelewa katika kutii, jambo hili laweza kuonekana kama uasi. Lakini mhandisi huyo anaitii amri iliyo juu ya mwenye fedha, kama polisi asivyomwachilia mshitakiwa kwa sababu tajiri amepiga simu.

Naye anayekodisha muhuri wake kwa ramani asiyoisoma na kiwanja asichokikanyaga, hana tofauti na mlinzi aliyemwachia mpita njia bunduki, akaenda kulala. Katika vilima vya Kigali, ukuta wa mtu ukibomoka wakati wa masika humwangukia jirani wa chini, ambaye hakuajiri mhandisi yeyote. Na saa nane za usiku, watakaoamshwa ni wale wale wenye sepetu.