Samaki Anayerudishwa Mtoni

(Maelezo yaliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ndugu zangu tuliokula ugali katika bwalo hili,

Nimeombwa niseme machache juu ya mto Mnyera, ambao wengi wetu tuliuona kwenye ramani tu. Hushuka kutoka nyanda za juu za kusini, ukakutana na Ruhudji, na hapo ndipo Kilombero inapoanza. Kilombero nayo huipatia Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Kule porini hakuna barabara ya maana. Wenyeji ni viboko na mamba.

Maji yakipungua, kuanzia Agosti hivi, wageni huja kuvua kwa ajili ya mchezo. Humtafuta samaki mmoja, yule ambaye meno yake huonekana hata akifumba kinywa, na ambaye Waingereza walimfananisha na chui-milia. Mwaka 1986 wataalamu waliipa aina yake moja jina la nchi yetu: tanzaniae. Hukata mshipi wa nailoni kama mkasi ukatavyo uzi, kwa hiyo karibu na ndoana hufungwa kipande cha waya. Chambo ni manyoya na nyuzi, vimefungwa vifanane na kisamaki. Akinaswa huruka juu akitikisa kichwa, na mara nyingi ndoana humtoka, kwani kinywa chake ni mfupa mtupu. Wapo wanaozidi kilo 9. Akishapigwa picha, hurudishwa mtoni.

Watu wetu husikia hayo wakacheka. Fedha zote hizo, halafu kitoweo kinaachwa! Mimi sicheki. Wale wakubwa ni majike, ndio wazazi, na samaki aliye hai hulipiwa tena mwakani.

Lakini, ingawa ni mtumishi wa serikali, nitasema wazi. Sehemu ya bonde la Kilombero ilifanywa Pori la Akiba mwaka 2023, na humo huingii bila kibali. Mgeni hutafutiwa kibali na kampuni iliyomleta. Mvuvi wa kijijini, anayetega ili watoto wale, hukitafuta kwa miguu. Kama mapato ya mchezo huu hayaonekani katika zahanati na madarasa ya vijiji vile, sioni kwa nini wanakijiji watulindie huo mto.

Maswali nitayapokea, Ndugu Mwenyekiti. Kwa yule aliyeninong'oneza mezani kuhusu ladha yake: ni tamu, ila miiba ni mingi mno.