Hesabu Mistari Kabla Hujaliamini Jedwali

Ndugu msikilizaji, wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia kwenye kompyuta, na juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wahenga hawakulikuta: mali kupotea bila habari hali daftari lipo, tena limeandikwa vizuri. Hupotea mlangoni, pale orodha inapotolewa kwenye faili moja na kuingizwa katika programu ya kuichambua.

Tuanze na mkasa wa England wa mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Maabara zilikuwa zikipeleka majibu ya vipimo kwa idara ya afya ya umma ya huko katika mafaili ya maandishi matupu. Idara ikayaingiza katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ule wa xls, ambao jedwali lake moja halibebi zaidi ya mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, kwa hiyo majedwali yalijaa upesi. Mistari iliyozidi ikabaki nje. Kuanzia tarehe 25 Septemba hadi tarehe 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu zilizotangazwa kila siku. Hitilafu ilipogunduliwa na hao waliosahaulika kuongezwa, tangazo la tarehe 4 Oktoba liliruka hadi wagonjwa 22,961.

Wagonjwa wenyewe walikwisha kupewa majibu yao. Lakini majina yao hayakufika kwa wakati kwa wale waliokuwa na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao. Watu hao wakaendelea na shughuli zao bila kuambiwa wajitenge. Mwaka 2021 wachumi wawili, Thiemo Fetzer na Thomas Graeber, walichapisha utafiti juu ya mkasa huo. Waligundua kwamba sehemu zilizokosa zaidi ufuatiliaji ndizo zilizopata maambukizi zaidi baadaye. Kwa hiyo mistari ile haikuwa tarakimu tu. Ilikuwa ni uhai wa watu.

Mtu atasema, basi wangetumia muundo mpya, uliokuwepo tangu mwaka 2007, ambao jedwali lake hubeba mistari 1,048,576. Ni kweli, ungesaidia. Lakini ndoo kubwa nayo hufurika. Ninalouliza mimi ni hili: kwa siku nane, nani alikuwa na kazi ya kulinganisha idadi iliyotoka maabara na idadi iliyoingia kwenye jedwali?

Hebu tuone jambo lenyewe linavyofanyika. Faili la maandishi matupu ni kitu cha kawaida sana. Kila mstari ni mtu mmoja au tukio moja. Ndani ya mstari, safu hutenganishwa kwa alama: mkato, nuktamkato, au nafasi ya kitufe cha tab. Faida yake ni kwamba karibu programu yoyote huweza kulisoma. Kasoro yake ni kwamba faili hilo halisemi safu ipi ni tarehe, ipi ni kiasi cha fedha na ipi ni jina. Programu hubahatisha. Nyingine hutazama mistari ya mwanzo tu, kisha huamulia safu nzima. Kuuliza si ujinga, ndugu msikilizaji, lakini mitambo hii mara nyingi haiulizi.

Wanasayansi wa chembe za urithi wanaujua uchungu huo. Chembe moja iliitwa MARCH1, nyingine SEPT2. Excel ikadhani hizo ni tarehe, ikaandika Machi mosi na Septemba pili. Mwaka 2016 watafiti walipopekua makala za kisayansi zilizoambatana na orodha za aina hiyo katika Excel, walikuta takriban moja kati ya kila tano ina majina yaliyoharibika. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikaona heri ibadilishe majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1. Miaka mitatu baadaye ndipo Excel ikawekewa njia ya kuuzima ubahatishaji huo.

Sasa turudi nyumbani, maana mambo haya yako ofisini kwetu pia. Andika shilingi 1,250,000 kwa mikato yake katika faili ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Kiasi kimoja kitakuwa safu tatu: moja, mia mbili na hamsini, na sufuri. Nambari ya simu inayoanza na sufuri, ikidhaniwa kuwa hesabu, itapoteza sufuri hiyo na kubaki na tarakimu tisa. Tarehe 03/04 kwetu ni tatu Aprili. Kwa programu iliyopangwa Kimarekani ni nne Machi.

Kubwa kuliko hayo ni nambari ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20. Excel ikiichukulia kuwa hesabu huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo tu. Tano za mwisho hugeuzwa kuwa sufuri. Watu wawili ambao nambari zao zinatofautiana mwishoni tu watakuwa mtu mmoja. Fikiria orodha hiyo ikiwa ya malipo ya uzeeni au ya fidia ya ardhi. Mmoja ataambiwa amekwisha kulipwa.

Hata lugha yetu ina mtego wake. Sisi huandika ng'ombe, Ng'ambo, Mang'ula, kwa kile kialama cha juu. Programu ya R, inayotumiwa sana na watakwimu, ina amri ya kusoma majedwali ambayo huhesabu kialama hicho kuwa cha kufungua maneno yaliyonukuliwa, isipokuwa uikataze. Ikikutana na mkazi wa Mang'ula katika faili la tab, huweza kumeza mistari inayofuata ikitafuta kialama cha kufungia. Watu kadhaa wakawa neno moja refu.

Dawa haihitaji shahada. Kwanza, faili la asili liwekwe kando, lisiguswe. Kazi ifanyike kwenye nakala. Pili, lifunguliwe katika programu ya maandishi tu, macho ya mtu yaone alama inayotenganisha safu. Tatu, lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili. Liingizwe kwa dirisha la kuingizia data, na kila safu itajiwe aina yake. Kanuni rahisi ni hii: nambari isiyojumlishwa, kama ya simu au ya kitambulisho, iingizwe kama maandishi. Nne, tarehe ziandikwe kwa kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tano, na hili ndilo kuu, hesabu mistari kabla na baada, jumlisha safu moja ya fedha kabla na baada, uandike majibu hayo kwenye karatasi.

Karani wa ghala hapokei magunia 500 kwa kutazama lori limejaa. Huhesabu yanaposhuka, huhesabu yanapoingia, kisha hutia sahihi. Yakipungua mawili, mlango haufungwi mpaka yaonekane. Lakini maofisini kuingiza data huitwa kazi ya kuchapa tu. Hupewa kijana wa mafunzo ya kazi, saa kumi jioni, na mkuu anataka ripoti asubuhi. Kijana huyo hana muda wa kuhesabu, wala hana mamlaka ya kusema, "Mzee, mistari imepungua, tusitangaze kwanza."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kompyuta isiyolalamika si ushahidi kwamba imesoma sawasawa. Napendekeza kila ripoti yenye takwimu iwe na mstari mmoja mwishoni: mistari iliyopokelewa ni kadha, iliyoingia ni kadha, aliyehesabu ni fulani. Na huyo fulani apewe haki ya kusimamisha kazi hesabu zisipolingana, hata kama waziri anasubiri. Sisi waandishi wa habari nasi tuudai mstari huo kabla hatujaisoma tarakimu hewani.

Kuhesabu huchukua dakika tano. Mkazi wa Mang'ula aliyemezwa na jedwali hajui kwamba amemezwa. Anangoja tu jina lake lisomwe.

Mpaka juma lijalo, kwaheri.