Hewa Ndani ya Pampu: Tukague Bomba Kwanza



Mara kwa mara tunapokea maombi ya pampu mpya. Maelezo hufanana: injini inaunguruma, dizeli inakwisha, lakini tangi halijai na kina mama wamerudi mtoni. Kabla ya kuzungumzia fedha, tuzungumzie hewa.

Pampu nyingi tunazotumia kuvuta maji mtoni au katika visima vifupi ni za sentrifugali. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga, linalozunguka kwa kasi na kuyatupa maji pembeni. Msukumo huo hutegemea uzito wa kinachotupwa, na maji ni mazito kuliko hewa takribani mara 800. Kwa hiyo hewa hujikusanya katikati ya gurudumu na kuyazibia maji njia. Hewa ya asilimia 2 au 3 tu ya ujazo hutosha kupunguza maji yanayopanda. Ikizidi sana, pampu nyingi za kawaida huweza kuacha kabisa kusukuma. Zikiendelea kuzunguka bila maji, sili huungua.

Hewa huingilia wapi? Mara nyingi ni upande wa kuvuta. Bomba la kusukuma likitoboka, maji huchuruzika na kila mtu huona. Bomba la kuvuta likitoboka, halidondoshi hata tone pampu ikiwa kazini. Hufyonza hewa kimya kimya. Kwa hiyo tunashauri:

1. Pakeni povu zito la sabuni kwenye viungo vya bomba la kuvuta, pampu ikiwa inafanya kazi. Penye tundu, povu litavutwa ndani.

2. Wakati wa kiangazi, hakikisheni mdomo wa bomba umezama vya kutosha. Maji yakizunguka juu yake na kufanya shimo, hewa inaingia.

3. Bomba lipande mfululizo hadi kwenye pampu, lisiwe na mgongo wa kutunza hewa.

4. Jazeni maji pampu na bomba la kuvuta kabla ya kuwasha.

Pampu mpya ikifungwa kwenye bomba lile lile bovu, nayo itavuta hewa. Sadaka ya waumini na mchango wa wafadhili ni amana mikononi mwetu. Tunaomba basi kila ombi la pampu liambatane na taarifa ya fundi kwamba bomba la kuvuta limekaguliwa.