Kulipa ili Kuendesha Baiskeli: Je, Kuna Faida?

(Maelezo yaliyotolewa mjini Shinyanga mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya kujadiliwa kwa hoja ya kuandaa msafara wa baiskeli wa kuchangia bweni la shule.)

Ndugu Mwenyekiti, waalimu wetu wastaafu, na ninyi nyote ndugu zangu tuliokula maharage ya sufuria moja:

Kamati imeniagiza nifungue mjadala wa hoja ya saba. Hoja yenyewe mnaijua. Chama chetu kiandae msafara wa baiskeli kila mwaka, kila mshiriki alipe kiingilio cha Sh. 50,000, na kitakachobaki kiende kwenye ujenzi wa bweni. Wapo walioipokea hoja hii kwa vifijo. Wapo pia waliouliza, tena kwa haki kabisa, kwa nini mtu wa Shinyanga alipe fedha ili aendeshe baiskeli, hali baba yake aliiendesha maisha yake yote bila kumlipa mtu yeyote.

Swali hilo si la mzaha, na ndilo nitakalojaribu kulijibu. Sikusudii kusema kama msafara huo utalifaa bweni. Nitasema kama utamfaa yule anayetoa fedha zake na jasho lake. Maana asipofaidika yeye, mwaka wa kwanza atakuja kwa heshima yenu, mwaka wa pili atatoa udhuru, na mwaka wa tatu tutabaki wanakamati peke yetu barabarani.

Kwanza tukumbushane baiskeli ni nini kwetu. Katika miji mingine baiskeli ni mchezo wa watoto, au mazoezi ya jioni ya mtu mwenye gari. Kwetu Usukumani baiskeli ni mguu wa tatu. Imebeba pamba kwenda gulioni, maji kutoka lamboni, mkaa, magunia ya mpunga, mgonjwa kwenda Kolandoto, na bibi harusi kwenda kwa mumewe. Wengi wetu tulifika kidato cha kwanza sanduku likiwa limefungwa kwa mpira nyuma ya Phoenix ya Kichina, au Swala iliyounganishwa hapa hapa nchini. Na hapa mjini vijana wamejipatia riziki miaka mingi kwa kubeba abiria kwenye kiti cha nyuma, ingawa siku hizi bodaboda imewanyang'anya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kwa hiyo mwenyeji wa hapa hanunui baiskeli kwa kulipa kiingilio, wala hanunui barabara. Vyote anavyo. Basi ananunua nini? Ndugu zangu, nimelifikiri jambo hili, nami naona ananunua vitu vinne.

Cha kwanza ni usalama wa siku moja. Barabara zetu si zile za utoto wetu. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo yanapita Kahama usiku na mchana, na pale Isaka shehena nyingine hushushwa kutoka kwenye reli ikapakiwa barabarani. Mwendesha baiskeli anayesikia honi nyuma yake hana budi kuingia vichakani. Msafara ulioandaliwa vizuri, wenye askari wa usalama barabarani mbele na nyuma, humpa mtu barabara ambayo hawezi kuipata akiwa peke yake hata akiwa na fedha.

Cha pili ni huduma: maji, mganga, fundi mwenye tairi na minyororo, na gari la kumchukua aliyeshindwa. Mtu mmoja hawezi kujiwekea hivyo kwa Sh. 50,000. Watu mia mbili wakichanga wanaweza.

Cha tatu ni wenzake. Hili si suala la kupiga soga tu. Anayeendesha nyuma ya mwenzake hukingwa upepo, na akiwa katikati ya kundi hupunguziwa robo hadi theluthi ya nguvu ambayo angeitumia. Kwenye mbuga zetu zisizo na mti wa kuzuia upepo, mwenye umri wangu akiwa katika kundi anaweza kwenda mwendo ambao peke yake asingeuthubutu.

Cha nne ni tarehe. Mtu aliyeandikisha jina lake na kulipa huanza mazoezi miezi mitatu kabla. Daktari anaweza kumwambia afanye mazoezi, mkewe akamwambia, asisikie, lakini Sh. 50,000 alizokwisha toa zitamwambia, naye atasikia. Kwa maoni yangu, faida ya miezi mitatu hiyo ni kubwa kuliko faida ya siku yenyewe.

Hayo ndiyo yenye thamani. Sasa niseme yasiyo na thamani, kwa kuwa ndiyo aghalabu yanayokula fedha. Medali ya bati haina thamani. Fulana yenye jina la kampuni kifuani haina thamani kwa mshiriki. Ina thamani kwa kampuni. Anayevaa tangazo la mtu kwa saa tano juani ni mfanyakazi wa mtu huyo, na kama halipwi ujira basi angalau apunguziwe kiingilio. Jukwaa, vipaza sauti na chakula cha wageni waalikwa navyo havimsaidii aliye kwenye kilima na koo limekauka.

Nilipata kushiriki msafara mmoja, ambao sitautaja jina wala mahali. Kiingilio kilikuwa kikubwa, na fulana ilikuwa nzuri kweli kweli. Kituo cha tatu tulikuta maji yamekwisha, na gari la kuwachukua waliochoka lilikuwa limetangulia na mgeni rasmi. Wazee wawili walirudi kwa kusukuma baiskeli. Walioandaa hawakuwa wezi. Walikuwa wameanza na fulana wakamalizia na maji, badala ya kuanza na maji.

Kuna gharama nyingine ambayo waandaaji huisahau. Kiingilio ni sehemu ndogo tu ya gharama ya mshiriki. Mwenzetu wa Geita atalipa nauli ya kuja na kurudi, atasafirisha baiskeli, atalala usiku mmoja au miwili, na atapoteza siku ya kazi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa zipatazo 3, lilifunguliwa mwaka 2025, na sasa anayepitia Mwanza hasubiri tena kivuko. Lakini nauli bado ipo. Kijana wa baiskeli za abiria ndiyo zaidi. Mkimwambia ushiriki ni bure mnamdanganya, maana siku asiyobeba abiria ni siku isiyo na unga nyumbani. Zile mbio za ushindani zenye zawadi za fedha humvuta kwa matumaini, lakini zawadi ni za wachache wa mbele, nao aghalabu wana baiskeli nyepesi za mashindano. Mwenye Phoenix ya karibu kilo 20 huondoka na vumbi lao.

Sasa tutazame wenzetu walivyofanya. Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2002, miaka miwili tu baada ya mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita kuanza uzalishaji, mgodi huo ulianzisha changamoto ya Mlima Kilimanjaro ya kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, ambayo huendeshwa pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Wako wanaoupanda mlima, na wako wanaouzunguka kwa baiskeli. Jambo la kujifunza pale ni kwamba mshiriki anajua jasho lake limeelekezwa wapi. Mtu wa Geita anaweza kwenda mwenyewe katika kituo cha watoto cha Moyo wa Huruma, ambacho ni miongoni mwa waliofaidika, akaona kwa macho yake.

Tangu mwaka 2019 kuna msafara wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam hadi kijijini kwa Mwalimu, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000, kwa kumbukumbu ya Oktoba 14. Njiani hupanda miti na kutoa huduma kwa wananchi. Na sisi wa umri fulani tunakumbuka Oktoba 1967, Mwalimu mwenyewe alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Kiingilio hakikuwapo. Lakini mwaka ule ule kijana Seti Benjamin alifariki njiani katika matembezi ya kuunga mkono Azimio hilo hilo. Namtaja kwa heshima, na kwa sababu moja: ari haichukui nafasi ya mganga.

Mfano wa mwisho ni wa Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 1977 waendesha baiskeli wa mji ule waliandamana kudai njia zao barabarani. Mwaka uliofuata wakaandaa mashindano, wakajitokeza watu kama mia tano. Leo huja makumi ya maelfu, kwa mwendo wa kilometa 109. Mashindano yamekuwa makubwa na yameingiza fedha nyingi; lakini tusisahau kwamba asili yake ilikuwa kudai njia salama za kila siku. Nami nasema hicho ndicho kipimo cha thamani. Msafara unaompa mtu barabara salama Jumapili moja, na Jumatatu ukamrudisha vichakani kwenye honi za malori, umemkopesha tu. Ule unaoacha kitu barabarani umemlipa.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya kupima hayo yote, jibu langu ni kwamba msafara ni biashara nzuri kwa mshiriki, ila kwa masharti. Kwa hiyo naunga mkono hoja, na naomba ifanyiwe marekebisho matano.

Moja: tutenganishe kiingilio na mchango. Kiingilio kiwe gharama halisi ya maji, mganga, fundi, gari na ulinzi, ijumlishwe na kugawanywa kwa idadi ya washiriki, hata senti isizidi. Mchango wa bweni uandikwe katika daftari lake, kila mtu kwa uwezo wake. Kati yetu kuna wakurugenzi, na kuna mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wa pamba. Sh. 50,000 kwa mmoja ni chai. Kwa mwingine ni ada ya mtoto. Tusimfungie mwenzetu mlango wa shule aliyosoma.

Mbili: msafara usiwe mashindano. Twende Maganzo, njia panda ya Mwadui, na kurudi, kwa mwendo wa aliye nyuma, na baiskeli ya kubebea magunia ikubaliwe sawa na nyingine.

Tatu: tufanye Julai, wakati wa kiangazi, kabla joto la Oktoba halijatufikia, na mkulima akiwa amekwisha kuvuna.

Nne: fulana zisinunuliwe mpaka maji na mganga vimelipiwa. Kampuni itakayotaka jina lake lionekane na ilipie gari la wagonjwa.

Tano: hesabu zisomwe hadharani katika mkutano huu kila mwaka, na risala ya kuomba njia ya baiskeli pembeni mwa barabara ikabidhiwe kwa wahusika siku hiyo hiyo, mbele ya washiriki wote.

Masharti hayo yakikataliwa, nashauri tuachane na msafara, tupitishe kapu tuchange hapa hapa. Bweni litajengwa tu, na wazee watalala majumbani mwao bila kusukuma baiskeli. Lakini yakikubaliwa, basi niandikeni jina langu la kwanza, nami nitakuja na baiskeli yangu ile ile ya kubebea magunia.