Gari ya Shirika, Programu Yake na Garanti Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wamemba, Nyangwe. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)



Komite iliniomba niseme juu ya jambo moja lenye linatugawanya tangu tulipoanza kukusanya feza ya gari. Gari ile tunaitaka kwa kubeba wagonjwa na wamama wenye mimba kutoka vijijini mupaka hospitali ya Kasongo, na siku za soko ibebe muchele na muhogo wa wamemba. Wamemba fulani wameleta shauri hili: gari ikifika tu, tuipeleke kwa fundi mwenye ordinatere, aifungue programu yake. Atoe kizuizi cha mwendo, aongeze nguvu ya moteri, na azime filtri ya moshi. Wengine wanakataa, wanasema garanti itakufa siku ileile. Nani ana haki? Kila upande uko na kipande cha haki. Tuangalie pole pole.

Kwanza tujue tunasema gari gani. Wote munaijua Land Cruiser ya mashirika, ile ndefu nyeupe. Kwa miaka mingi ilikuja na moteri 1HZ: litri 4.2, silinda 6, bila turbo. Pompi yake ya mazutu inafanya kazi kwa vyuma, hakuna kompyuta ya kuiamuru. Ndiyo maana fundi wetu anaweza kuitengeneza chini ya muembe na funguo zake. Magari ya leo ni ingine. Tangu 2023 hata ile Land Cruiser ya mufululizo wa 70 inapatikana na moteri ya litri 2.8 yenye turbo, na pale kompyuta ndiyo inaamua mazutu ngapi iingie, wakati gani, na turbo isukume hewa kwa nguvu gani. Mutu akiigeuza programu ile, amegeuza moteri yenyewe, hata kama hakufungua bulo moja.

Sasa, mabadiliko hayako ya namna moja. Iko namna tatu, na tukizichanganya ndipo tunagombana bure.

Namna ya kwanza ni yale ambayo kitabu cha gari kinamuruhusu mwenye gari kubadilisha: luga ya kioo, saa, milango ijifunge yenyewe ao hapana. Hayo hayagusi garanti.

Namna ya pili ni yale konsesionere, ni kusema garaji yenye ruhusa ya kampuni, anafungua kwa mashini ya kampuni: kuongeza ufunguo mupya, ao kuingiza programu mupya ambayo kampuni imetuma. Hayo pia hayaharibu kitu, sababu yanafanywa na mwenye kutoa garanti. Mumuombe tu ayaandike mu karne ya gari.

Namna ya tatu ndiyo ile tunayoizungumuzia: mutu wa inje anaandika upya hesabu za moteri. Hapa kampuni inakunja uso, na iko na sababu. Pistoni, turbo na klachi vilipimwa kwa nguvu fulani na joto fulani. Ukiongeza mazutu na hewa, joto linapanda, na chuma kinachoka mbele ya wakati wake. Kampuni inasema: sisi tuliahidi juu ya moteri tuliyoitengeneza, hatukuahidi juu ya ile ya fundi wako.

Vijana wanasema: tutarudisha programu ya zamani mbele ya kwenda ku garaji, hawataona. Musitegemee hilo. Programu ina namba yake, na mashini ya garaji inailinganisha na namba ya kampuni. Kompyuta zingine zinaandika hata mara ngapi zimefunguliwa. Kwa Volkswagen na Audi, garaji ikikuta programu imegeuzwa inaweza kuweka alama yenye kuitwa TD1 mu vitabu vya kampuni, na kuanzia siku ile kila konsesionere mwingine anaiona. Alama haiendi kwa kunawa.

Je, garanti yote inakufa? Hapa wale wanaopenda kugeuza wako na kipande chao cha haki. Kule Marekani kuna sheria ya garanti tangu 1975, yenye kuitwa Magnuson-Moss. Kwa sheria ile, kampuni haiwezi kukataa kazi yote juu tu uliweka piesi ya mutu mwingine. Inapaswa kuonyesha kwamba kitu kile ndicho kilileta uharibifu. Akili yake ni nyepesi: ukigeuza programu ya moteri halafu kioo cha mulango kikakataa kushuka, kioo na programu havina undugu. Lakini turbo ikikufa, undugu uko wazi.

Kwetu Kongo, sheria ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inamubana muuzaji juu ya kasoro zilizofichama ndani ya kitu alichokiuza. Ni sheria nzuri. Lakini mununuzi anapaswa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwa ndani ya gari siku ya kuuza. Kama moteri imefunguliwa na fundi wetu, tutaonyesha namna gani? Na garanti ya kampuni ni mukataba. Mara nyingi inasema miaka 3 ao kilometa 100,000, kile kitakachotangulia, na ndani yake mumeandikwa mambo yenye kuivunja. Hata tukiwa na haki, nani kati yetu atapanda ndege kwenda kushitaki Kinshasa juu ya turbo moja?

Tena garanti haiko mwisho wa mambo. Hata miaka 3 ikipita, tutahitaji garaji yenye mashini ya kusoma kompyuta. Garaji ikiingiza programu mupya ya kampuni, ile ya fundi inafutika, na feza yetu imepotea pamoja nayo. Pengine programu mupya inakataa kuingia sababu imekuta vitu isivyovijua, na gari inabaki kimya kama jiwe. Tena mekanisiyen anasoma namba za uongo: filtri imezimwa lakini kompyuta inasema iko sawa. Anatafuta ugonjwa pahali haupo, na kila saa ya kutafuta ni feza yetu.

Mu kazi yangu niliona pikapu ya mupango mumoja, sitautaja, iliyogeuzwa programu na fundi wa njiani. Moteri iliharibika. Garaji ya muji mukubwa ilisoma kompyuta, ikaandika barua ya musitari mumoja: tunakataa. Pikapu ililala chini ya hema muvua nzima, na dawa zilienda juu ya moto na baiskeli.

Sasa tusikie sauti ya upande mwingine juu ya filtri ya moshi, maana haiko ya ujinga. Filtri ile inakamata masizi ya mazutu. Inajisafisha kwa kuyachoma, na kwa kuchoma inahitaji joto kubwa, ni kusema gari itembee muda murefu kwa mwendo. Barabara zetu munazijua: matope, vitese ya kwanza, vitese ya pili, simama, sukuma. Tena filtri haipatani na mazutu yenye salfa nyingi. Nchi za Afrika ya Mashariki kama Kenya na Tanzania zilikubali tangu 2015 mazutu isipite salfa 50 kwa milioni. Lakini mazutu inayofika kwetu imepita mu mapipa mengi na mikono mingi, na hakuna anayeipima njiani. Filtri ikijaa, taa inawaka, kisha kompyuta inaipunguzia gari nguvu. Kama ndani muko mama mwenye uchungu, garanti itamusaidia nini?

Kwa hiyo swali ni la kweli. Lakini jibu lake haliko kwa fundi mwenye ordinatere, liko mbele ya kununua. Makampuni yanatengeneza magari ya namna nyingi kwa nchi za namna nyingi. Toyota inauza moteri ileile ya litri 2.8 kwa nchi zenye mazutu kama yetu bila filtri ile, na programu yake imeandikwa hivyo tangu kiwandani. Tukiagiza ile, tunapata tulichokitaka na garanti inabaki nzima. Tukichukua gari ya okazyo ya Ulaya ao ya Dubai kwa sababu ya bei, tunachukua na filtri yake, na mara nyingi garanti ya kule haivuki mupaka.

Juu ya kizuizi cha mwendo, nitasema kwa kifupi. Kenya ilikilazimisha kwa matatu mu 2004, kilometa 80 kwa saa, wakati wa waziri John Michuki, kwa kupunguza vifo vya barabarani. Kwetu, ni wapi kati ya Kasongo na Kabambare gari itakimbia 80? Kukitoa hakutuongezei kitu. Lakini siku ya aksida, swali la kwanza la asiransi na la mufadhili litakuwa: nani alikitoa?

Ninaleta mashauri matano, mukutano uamue:

1. Mbele ya kulipa, komite iulize muuzaji kwa barua: gari hii iko na filtri ya moshi? Inakubali mazutu ya namna gani? Garanti inafanya kazi Kongo, na garaji gani itaipokea?
2. Majibu yaandikwe mu proforma. Maneno ya telefone hayana kazi.
3. Mutu yeyote asifungue programu ya moteri bila sahihi ya komite na ya mufadhili.
4. Vidanji na filtri zifuate kitabu, na kila fakitire ichungwe. Garanti inaweza kufa pia kwa kukosa makaratasi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.
5. Kama garanti imekwisha na tunapaswa kugeuza kitu, fundi atupe kwanza nakala ya programu ya kiwanda, na aandike alichokigeuza.

Kwenu wafadhili, neno moja. Tunawashukuru kwa gari. Lakini mukubali tuchague pamoja aina yake, maana barabara ni yetu na mazutu ni yetu. Na mu bajeti muweke pia safari ya kupeleka gari ku garaji yenye mashini, sababu garaji ile haiko Nyangwe.

Wamemba, barua kwa muuzaji iko tayari pale ku meza ya sekretere. Tuisome pamoja leo, tuirekebishe, na kama munakubali, komite itie sahihi mbele ya kutawanyika.