Nani Amemshika Mwenziwe?

Leo maneno yangu nayaelekeza kwa vijana walio shuleni, hasa wa huku kwetu pwani ya kusini, tangu Likoni mpaka Lunga Lunga. Wazazi nao wasiondoke, maana mwishoni nina neno lao.

Nataka tuzungumze juu ya gemu, ile michezo ya kwenye televisheni na ya kwenye simu. Sitaki kuanza kwa kulaani. Kucheza si dhambi. Wazee wetu walicheza bao, na wangali wakilicheza. Mtoto asiyecheza kabisa, mama yake humgusa paji la uso aone kama ana homa. Basi swali langu si kama gemu ni halali au haramu. Swali langu ni hili: wewe na mchezo wako, nani amemshika mwenziwe?

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho neno linalofanana na hilo. Aliwaambia kwamba hata kama ana ruhusa ya kufanya mambo mengi, si yote yamfaayo. Na kwamba hatakubali kuwa mtumwa wa kitu chochote. Tazameni, hakuuliza tu kama kitu ni kibaya. Aliuliza ni nani bwana na ni nani mtumwa.

Tumchukue kijana mmoja kwa mfano. Tuseme yuko shule ya kutwa huko Ukunda, naye hana jina, maana huenda akawa mtoto wa yeyote kati yetu. Jioni anatoka shuleni. Njiani kuna chumba chenye pazia mlangoni, na ndani televisheni tatu na mashine za PlayStation. Kelele za mpira zinasikika mpaka barabarani. Anasema moyoni, “Mchezo mmoja tu.” Anacheza, anafungwa. Hawezi kuondoka amefungwa, basi anacheza tena ili alipe kisasi. Anashinda. Hawezi kuondoka wakati mkono umekubali, basi anaongeza wa tatu. Akifika nyumbani giza limeingia.

“Mwanangu, umechelewa wapi?” mama anauliza.

“Tulikuwa na masomo ya ziada, mama.”

Ndugu msikilizaji, hapo pana mambo mawili. Muda umepotea, na uongo umezaliwa. Kijana yule hakuwa mwongo tangu awali. Mchezo ulipokuwa mdogo aliusema waziwazi. Ulipomshinda nguvu ndipo alipoanza kuuficha. Hiyo ni alama ya kwanza ya kujipima. Kitu unachokificha mama yako, huenda tayari kimekushika.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme mchezo mmoja ni shilingi 20, naye hucheza mitano kwa siku. Hiyo ni shilingi 100. Kwa siku sita za wiki ni shilingi 600. Kwa wiki 40 za mwaka ni shilingi 24,000. Mwaka 2018 serikali ilipopanga mchango wake kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya upili ya kutwa, kiwango kilikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka mzima. Basi kijana yule, kwa shilingi ishirini ishirini za chakula cha mchana na za nauli, amelipa karo ya pili, lakini ameilipa pale penye pazia. Bandu bandu huisha gogo.

Na saa je? Akitumia saa mbili kwa siku, siku sita, wiki 40, ni saa 480. Kipindi cha darasani ni dakika 40. Saa 480 ni vipindi 720. Shule ikifundisha vipindi 40 kwa wiki, hiyo ni wiki 18, zaidi ya muhula mzima. Yupo darasani kila siku na jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Lakini kwa hesabu ya jioni zake amekosa muhula.

Wengine watasema, “Mimi siendi chumba cha gemu, nachezea simu yangu kitandani.” Wewe ndugu yangu una hatari zaidi, maana chumba kile hufungwa usiku, lakini simu haifungwi. Bando likiisha, watafuta jingine.

Kwa nini gemu zashika hivyo, na bao halikuwashika wazee namna hiyo? Fikiri. Bao lina mwisho. Kete zikiliwa, mchezo umekwisha. Mmoja amecheka, mwingine amenuna, na wote wawili wana kazi zao. Gemu nyingi za siku hizi zimetengenezwa zisiishe. Ukimaliza ngazi moja pana nyingine. Ukiingia kila siku wapewa zawadi, usipoingia waikosa. Wenzako wakungoja mtandaoni. Watu werevu wamelipwa mishahara ili wewe usiondoke.

Tena pana siri nyingine, nayo wavuvi wetu waijua. Mshipi ukileta samaki kila unapotupwa, mtu angetosheka. Usipoleta kabisa, angeacha. Lakini ukileta leo na kunyima kesho, mtu hukaa pale pale mpaka jua lizame, akisema, “Safari hii.” Mwanasayansi wa Marekani B. F. Skinner, aliyefariki mwaka 1990, aliyachunguza mambo haya kwa njiwa na panya. Aliona kwamba mnyama anayepata chakula kwa bahati, bila kujua ni lini, huendelea kubonyeza kwa muda mrefu sana hata chakula kikikatika. Gemu hutumia njia hiyo hiyo, na kamari huitumia zaidi. Huenda wapo vijana wanaobonyeza simu leo wakifuata ile ndege inayopaa na kuondoka na fedha zao, ambao walianza kwa gemu zisizo na fedha. Mazoea yana taabu.

Shirika la Afya Duniani nalo limelitazama jambo hili. Liliingiza ugonjwa wa kushikwa na gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika 1 Januari 2022. Dalili zilizotajwa ni tatu. Mtu hawezi kujizuia. Mchezo unatangulia mambo mengine yote. Na anaendelea ijapokuwa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo tusimwite mgonjwa kila kijana apendaye gemu. Lakini tusingoje miezi 12 ndipo tuamke.

Mwalimu anapata taabu kushindana na mchezo, kwa sababu mchezo hulipa papo hapo na kitabu hulipa baadaye. Nenda Kibuyuni, karibu na Shimoni, uwatazame akina mama wanaolima mwani. Maji yakipwa, hufunga vipande vidogo kwenye kamba. Kisha hungoja wiki sita hivi, huku wakienda kuangalia na kusafisha. Huvuna, huanika, ndipo huuza. Wiki zile za kati hakuna kengele inayolia wala taa inayowaka kuwaambia kwamba wameshinda. Mwani wakua kimya kimya chini ya maji. Masomo nayo yakua hivyo. Kijana aliyezoea kulipwa kila dakika kumi huona ukurasa wa kemia kama jangwa, kumbe akili yake ni nzima. Imezoezwa vibaya tu.

Mnakumbuka habari za Esau katika kitabu cha Mwanzo. Alirudi kutoka mawindoni ana njaa, akakuta ndugu yake amepika dengu, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mlo mmoja. Dengu hazikuwa sumu. Zilikuwa chakula kizuri. Kosa lake lilikuwa bei.

Basi tufanyeje? Kwanza, pima. Kwa wiki moja usibadilishe kitu. Chukua daftari uandike kila siku umecheza saa ngapi na umetumia shilingi ngapi. Usimwonyeshe mtu kama waona haya, ila usijidanganye. Wengi hufikiri wanacheza nusu saa.

Pili, uliza unakimbia nini. Kijana hakimbilii mchezo bure. Mara nyingi kuna kitu anachokikimbia. Darasani amepata alama 12 kwa 100 katika hesabati, na wenzake wakacheka. Katika gemu yeye ni bingwa. Nani asingependa kukaa pale anapoitwa bingwa? Ukiwa hivyo, dawa yako ya kwanza si kuvunja simu. Dawa ni kumwendea mwalimu wa hesabati, au mwenzako anayejua, useme, “Nianzishie pale nilipopotea.” Ukipata alama 12 leo na 25 muhula ujao, hapo pana ushindi wa kweli, nao haufutiki umeme ukikatika.

Tatu, upe mchezo mahali pake. Kazi kwanza, mchezo baadaye. Soma dakika 40, pumzika 10, usome tena, na mapumziko hayo usiyape simu. Gemu iwe Jumamosi baada ya kazi za nyumbani, kwa saa moja uliyoipanga kabla ya kuanza, na mtu mwingine aijue saa hiyo. Usiku simu ilale chumbani kwa mama. Kutoka shuleni pita njia nyingine isiyopita penye pazia. Si woga huo. Nahodha ajuaye mwamba ulipo hupitisha chombo mbali nao.

Nne, usiache saa zile tupu. Saa tupu itamwita mwenyewe wa zamani. Pana mpira wa miguu uwanjani, pana kwaya, pana rafiki wa kusoma naye. Siku za kwanza utakuwa na hasira bila sababu na uvivu mwingi. Vumilia, siku hizo hupita.

Na ikiwa umepanga saa moja ukakaa nne, ukapanga tena ukakaa tano, basi gemu imekataa kukaa mahali pake. Hapo iache kabisa, walau mpaka mtihani upite. Tena usipigane peke yako. Mwambie mwalimu wa ushauri shuleni au mhudumu wa kituo cha afya. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Kuomba msaada si aibu.

Najua kijana mmoja ameshaniuliza moyoni mwake, “Mbona wapo wanaolipwa kwa kucheza?” Ni kweli, wapo. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018 kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken. Lakini sikiliza na upande wa pili: wakati huo alikuwa akisomea sheria. Hakuuza shule ili anunue mchezo. Anayecheza kwa kazi hufanya mazoezi kwa ratiba, huamka, hulala, hupimwa. Wewe unayecheza mpaka saa nane za usiku chini ya shuka, je, una ratiba gani?

Sasa neno kwa wazazi. Mataifa makubwa yamejaribu sheria. Uchina mwaka 2021 iliamuru walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, tangu saa mbili mpaka saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini tangu 2011 iliwafungia watoto walio chini ya miaka 16 kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, lakini sheria hiyo iliondolewa ulipoingia mwaka 2022. Sheria yaweza kufunga mlango. Haiwezi kuketi na mtoto mezani.

Kwa hiyo, baba, mama, msipasue simu wala msimwite mwana mpotevu mbele ya wageni. Ketini naye. Muulizeni mchezo wenyewe ni upi, na mumwache aeleze. Na kama maneno yenu hayamwingii, huku kwetu Digo mjomba ana neno lake kwa mwana wa dada yake, mwiteni. Kisha jipimeni nyinyi pia. Mtoto anayeambiwa aweke simu na baba aliyeshika simu atasikia nini?

Karo ya watoto wa Kwale imetoka mbali. Imetoka katika mwani, katika nazi na korosho, katika hoteli za Diani, na katika mfuko wa kaunti wa Elimu ni Sasa, ambao ni fedha za watu wote. Kijana, unapoketi na kitabu jioni, unaketi na jasho la watu hao.

Nakuacha na swali lile lile, ujibu mwenyewe jioni ya leo, saa ile mkono unapoitafuta simu. Nani amemshika mwenziwe? Ukiona ni mchezo uliokushika, usikate tamaa. Aliyeshikwa aweza kufunguliwa, na Mungu hapendezwi na utumwa wa yeyote.