Mtu Mzima Atakaye Kujifunza, na Jamaa Zake

Maneno yaliyonenwa mbele ya walimu na watu wa parokia



Tuliombwa kunena juu ya elimu, na labda mlitazamia tuhesabu majengo, mabati na madawati. Hayo yamekwisha kunenwa tangu asubuhi, na yamenenwa vizuri. Sisi twataka kunena juu ya mtu mmoja ambaye hesabu za shule hazimtaji. Ni mtu mzima atakaye kujifunza, na watu wa nyumba yake hawataki.

Mnamjua, maana yu katika kila kijiji. Huenda ni mama wa makamo ambaye hajui kusoma, naye amechoka kumwomba mtoto wa jirani amsomee barua ya mwanawe. Huenda ni binti aliyepata mtoto akiwa kidato cha pili, naye ataka kurudi. Au ni fundi seremala ambaye mikono yake yajua kila kitu, ila hawezi kuandika hesabu ya mbao, basi kila mwezi mwenye duka humpunja.

Mtu kama huyo akichekwa na wageni, hupita njia yake. Lakini mama mzazi akimwambia, “Wewe umekwisha kuzaa, kalamu ya nini tena?” kalamu huwa nzito mkononi. Mume akisema, “Siku hizi umekuwa msomi, hatukuwezi,” akacheka, na wageni barazani wakacheka naye, neno hilo hukaa moyoni kuliko tusi la sokoni. Na rafiki wa tangu utoto, aliyezoea kuketi naye jioni, asiponena lo lote ila akaacha kuja, hilo nalo ni neno.

Tena watu hawa hawaji na mikono mitupu. Huja na methali. Husema, “Samaki mkunje angali mbichi.” Husema, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Methali hizi tumezirithi, wala hatuzidharau. Lakini ya kwanza yafundisha jinsi ya kumlea mtoto. Haikusema kwamba mtu mzima amekauka. Wazee wetu wangapi walijifunza kupanda kahawa, kuendesha cherehani, kutumia simu ya mkononi, hali nywele zao ni nyeupe? Hapana aliyewaambia kwamba samaki amekwisha kukauka. Na hiyo ya pili ni neno la kweli kabisa, maana mkuu amepita njia ile na mashimo yake ayajua. Basi, katika njia ya kusoma, na tumwulize mkuu aliyeipita. Walimu mlio hapa, ni ninyi.

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Siku ya tarehe 31 Desemba 1969 Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule yapata watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Madarasa yakafanywa chini ya miembe, katika baraza za nyumba, na katika shule baada ya watoto kuondoka, na wengi waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea. Vitabu vyenyewe vilitungwa juu ya kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza herufi katika habari za pamba, na mvuvi katika habari za samaki. Lilikuwa shauri la busara sana, na twadhani sababu yake si ya darasani tu. Mtu aliporudi nyumbani na kuulizwa, “Umejifunza nini leo?” alikuwa na jibu ambalo hata mwenye kununa aliweza kulitumia shambani.

Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria, nayo yafanya kazi hata leo. Katika vituo vyake masomo ya kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, na ya kidato cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine, na kati yake upo Mtihani wa Maarifa. Kisha, mwezi wa Novemba 2021, Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya kupata mtoto aweza kurudi katika shule ya kawaida ya Serikali. Kabla ya hapo mlango huo ulikuwa umefungwa.

Basi mlango wa Serikali u wazi. Mlango uliobaki ni ule wa nyumbani, nao hauna waraka wa kuufungua. Binti aweza kupokelewa na mkuu wa shule, akakataliwa na bibi yake, kwa kuwa bibi hataki kubaki na mtoto mchanga. Au baba asema, “Nilikulipia mara moja, ukaniaibisha, mara ya pili silipi.” Hapo twaomba tusimame kidogo, maana ndipo penye shida yenyewe.

Yule bibi si adui wa elimu. Magoti yake yanauma, na mtoto wa miezi minane ana mbio. Yule baba alisimama mbele ya jamaa zake akaona haya, na haya hiyo haijaisha. Yule mume anayecheka barazani aogopa, ingawa hatasema hivyo hata kwa fimbo, kwamba siku mkewe atakapoweza kusoma daftari la chama cha kuweka akiba, hatamhitaji tena. Rafiki aliyeacha kuja aogopa kuachwa, kwa hiyo ametangulia kuacha. Maneno yao ni ya elimu, bali hofu yao ni ya kitu kingine. Anayewajibu kwa sifa za elimu ajibu swali ambalo hawakuliuliza.

Kwa hiyo twamshauri mwenye kujifunza apambanue. Katika maneno anayoambiwa, mengine ni deni na mengine ni kelele. Bibi akisema, “Nani atamshika mtoto?” hilo ni deni, nalo lapasa kulipwa: kwa kumwachia uji uliokwisha kupikwa, kwa kumchotea maji kabla ya kwenda, kwa kurudi saa ile aliyoahidi, si saa moja baadaye. Mtu asiyelipa deni hili, akaenda darasani huku watoto wake wana njaa, hakuonewa akikaripiwa. Lakini akiambiwa, “Mzee mzima unakaa dawati moja na wajukuu?” hiyo ni kelele. Haina malipo, wala haitakoma kwa kubembelezwa. Na aiache ipite, aende.

Tena kuna jambo dogo ambalo huharibu mengi. Mtu aliyejua herufi juzi tu, leo amsahihisha baba yake mbele ya wageni. Aketi na shemeji zake akanena maneno ya kitabuni. Kisha hulalamika kwamba nyumbani hawampendi kwa ajili ya masomo! Si kwa ajili ya masomo. Elimu changa ni kama kiatu kipya, chapiga kelele kuliko kiatu cha zamani. Na akikanyage polepole.

Twapenda kuwatajia watu wawili wa nchi jirani ya Kenya, ambao habari zao zilienea duniani. Wa kwanza ni mzee Kimani Maruge. Mwaka 2003 elimu ya msingi ya Kenya ilitolewa bure, na mwaka uliofuata, naye ana miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Alivaa sare na kaptula na soksi ndefu kama watoto. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kujua hesabu ya fedha. Katika shule hiyo hiyo walikuwamo wajukuu wake wawili. Mwaka 2005 alipanda ndege akaenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kunena juu ya elimu ya bure. Hata hivyo si safari ile tunayoistaajabia. Zilipotokea fujo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mali zake ziliibwa, akaishi katika hema pamoja na waliokimbia. Akiwa katika hema lile aliendelea kwenda shule kwa miguu. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009.

Wa pili ni bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, ambaye watu walimwita Gogo, yaani nyanya. Alikuwa mkunga miaka mingi. Alipokwenda kutaka nafasi katika shule ya kijijini, kwanza alikataliwa. Baadaye, walipoona kwamba hana mzaha, wakampokea. Akaketi darasani na vitukuu vyake, na baadhi ya watoto waliokuwa pale aliwazalisha kwa mikono yake mwenyewe. Alitaka kuandika maarifa yake ya ukunga yasipotee. Tena alitaka wasichana waliokwisha kuwa mama wamwone, wasiseme kwamba wakati wao umepita. Alifariki Novemba 2022, umri wake miaka 99, angali mwanafunzi.

Angalieni alivyofanya bibi yule. Hakuacha ukunga ili awe msomi. Elimu mpya aliifunga na kazi ile ambayo kijiji kilimheshimu kwayo. Twaona hiyo ndiyo nguvu yake, zaidi ya umri wake, ingawa magazeti yalipenda umri. Mtu akijua sababu yake kwa neno moja, “nataka niandike ukunga wangu,” “nataka nisome barua ya mwanangu,” “nataka mwenye duka asinipunje,” hawezi kuyumbishwa upesi. Bali aliyekwenda kwa sababu wenzake walikwenda, cheko moja la barazani lamtosha kurudi.

Sasa neno kwa walimu. Mwanafunzi mtu mzima akikosa siku mbili, msimpigie kelele mbele ya wengine. Nendeni kwake, mketi, mwamkie bibi, mshike mtoto. Mara nyingi mtakuta hakuvunjika moyo, amezuiwa. Na mwalimu akinywa uji katika nyumba ile, masomo si kitu cha kigeni tena. Pia msimruhusu mtoto ye yote kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu, hata akiwa darasa moja naye. Ni mama fulani, ni mzee fulani, na aitwe hivyo.

Na ninyi jamaa mlio hapa, maana wengi wetu hapa ni jamaa kuliko kuwa wanafunzi, hatuwaombi mfurahi. Kufurahi si jambo la kuamriwa. Twawaomba saa mbili tu, mara mbili kwa juma. Mumewe na awashe moto mwenyewe jioni hizo. Dada yake na amshike mtoto. Wala asiulizwe kila wiki, “Utamaliza lini?”

Darasa la jioni litaanza katika chumba cha mwisho cha shule ya parokia, kila Jumanne na Alhamisi, tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili. Walimu wawili wamekubali kufundisha bila malipo. Taa ipo, ikiwa giza litawahi. Kitabu cha majina kiko kwa katekista; anayeona haya kuandikwa mbele ya watu, na apite kwake usiku, hataulizwa neno. Mwenye mtoto mchanga na aje naye. Mkeka upo.